Kiti Kimoja cha Kwenda Kuona Moshi wa Meli

Mgeni rasmi, Dokta Odilia, mtafiti wa mawingu ya bahari, pamoja na walimu wetu: shikamooni.

UKARIBISHO
Sisi wana Klabu ya Sayansi tunakukaribisha Mikumi kwa heshima zote na wivu kiasi. Risala hii inasomwa na mwenzetu Bonifas, ambaye hakuruhusiwa kuipitia kwanza. Tunamwomba asiruke mstari.

HISTORIA YA WIVU WETU
Dokta, ulipotutembelea muhula uliopita ulitufundisha kwamba meli ikipita chini ya mawingu ya bahari, mvuke hujishika kwenye chembe za moshi wake, matone yakawa mengi na madogo, na wingu likang'aa mstari mweupe hadi setilaiti ikauona. Tangu hapo hatuna raha. Malori ya Iringa yanatufukizia moshi kutwa nzima, na hatujaachiwa hata kamstari! Ulisema hewa yetu imeshajaa vumbi na moshi, lori haliongezi jipya. Bahari imependelewa: ina hata hewa safi ya kuchafua.

MAFANIKIO
Uliahidi kiti kimoja garini mwako, hadi bandarini Dar es Salaam, kwa atakayetengeneza wingu zuri ndani ya chupa. Bonifas, ambaye bahari anaijua kwa picha ya kalenda ya bwaloni tu, alifunga sanduku siku hiyohiyo. Kisha akamwona mwanaklabu mwenzetu Naserian akifanya mazoezi ya wingu lake. Roho ikamuuma.

Siku ya shindano, kiberiti cha Naserian cha kutia moshi chupani hakikuonekana.

"We Boni, umekiona kiberiti changu?"

"Waulize nyani. Jana walikuwa dirishani."

Naserian akaminya chupa yenye maji ya moto bila moshi, akaachia. Hakuna kitu. Bonifas akakohoa kwa furaha. Naserian akakimbilia jikoni kwa mpishi.

"Shikamoo, Mama Magdalena. Naomba moshi."

"Marahaba. Moshi? Wenzako huja kuomba ukoko!"

Akarudi ameziba chupa kwa kiganja. Akaifunga, akaminya, akaachia: wingu jeupe pee. Mwalimu Fortunatus, mwamuzi wa shindano, akapiga meza. "Bila moshi halipo, kwa moshi lipo! Ulinganisho huu ninyi wengine wote mmeusahau."

Kiti kikawa cha Naserian.

CHANGAMOTO
Jumamosi ya kufua, kiberiti kilipatikana ndani ya soksi ya Bonifas. (Bonifas, endelea kusoma.) Tangu hapo Naserian akiingia bwaloni, Bonifas hugeukia ukuta. Sanduku lake bado hajalifungua.

OMBI
Sehemu hii ameiandika Naserian. Anasema kiberiti kingekuwepo, asingeijaribu chupa bila moshi, hivyo nusu ya ushindi ni ya mwizi. Anaomba Bonifas apewe kiti cha pili, hata kule nyuma kwenye mizigo, mradi kiberiti akibebe mkononi, watu wakione.

Sisi tunaobaki tunaunga mkono kwa shingo upande, maana sasa tutawaonea wivu watu wawili.

Mungu akulinde barabarani na akujalie mawingu tele. Ukikubali, tafadhali itikia kwa kichwa, msomaji akalete sanduku.

Ni sisi wako,
Klabu ya Sayansi, Mikumi, tusioijua bahari.