Mama Mkwe na Breki

Asubuhi ile Klachi, mwalimu wa udereva, alifika kijiweni mbele ya duka la kinyozi akiwa hana raha, akapokea kahawa yake akainywa bila hata kuipuliza. Kesho mama mkwe wake angefanya mtihani wa leseni kwa mara ya tatu. Akianguka tena, ameapa kuiuza pikapu ya marehemu mumewe, ambayo kila Jumapili anaifuta vumbi huku anaisemesha.

— Kila mwanafunzi ana mlango wake, Klachi alilalamika. Kuna wa kuelezwa, kuna wa kuchorewa, kuna wa kushikishwa usukani. Kwa mama nimegonga yote.

— Sikio halizidi kichwa, alisema Kinyozi. Maana yake maneno hayamwingii. Mchoree.

— Nimechora hadi chaki imekwisha.

— Basi samaki mkunje angali mbichi, alidakia Profesa, fundi viatu aliyeiacha shule darasa la nne. Huyu keshakauka. Mloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu, ilainike, ndipo akanyage klachi.

— Miguu ina kosa gani? alipinga Kinyozi. Mrekodie masomo, ayasikilize akiwa amelala. Akiamka, dereva!

— Na akiendesha usingizini? aliuliza Profesa.

— Si ndiyo atakuwa hana woga!

Klachi alicheka, ingawa moyo ulimuuma. Mara gari lake la mafunzo, aliloliacha nyumbani, likakata kona.

— Breki, mama! Breki nimesema! sauti ya kike ilifoka kutoka ndani.

Likasimama hatua tatu kutoka kwenye benchi. Profesa alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Mama mkwe akateremka kutoka kwenye usukani. Kiti cha pembeni alikaa mke wa Klachi, sauti imemkauka kwa kufoka.

— Tumezunguka mtaa mara mbili, hata kuku sijamgusa, alisema mama. Mwanangu akisema breki, nakanyaga. Wewe baba unasema, "Samahani mama, kama hutajali, tupunguze mwendo kidogo." Ukifika kwenye "kidogo," tumeshapanda ukuta.

Kinyozi akakohoa.

— Wanafunzi wenzangu unawafokea hadi majirani wanasikia, mama aliendelea. Mbona mimi hunifokei?

Profesa akashuka benchini taratibu. Klachi alimpenda mama huyu. Ndiye aliyemkubalia posa wakati ukoo mzima unamcheka kwa kukosa kazi. Amfokee kwa mdomo upi?

— Samahani mama, alianza, kama hutajali...

Mama akamfungulia mlango wa nyuma.

— Kaa huku, baba. Mwalimu wangu bado hajamaliza somo.

Klachi akaingia, akafunga mkanda.