Cherehani Iliyokaa Mahali pa Kitanda

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe hata na sisi tunaomwinulia mkono mmoja tu. Naitwa Selina, wengi mnanijua kama Mama Nekesa wa Mbotela. Pasta ameniomba nisimame niseme yaliyonipata, nami nimesimama, ingawa kwa bakora. Ulimi wangu bado ni mzito kidogo. Mnivumilie nikienda polepole.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa nguvu. Nilifanya kazi ya stoo katika kiwanda fulani huko Industrial Area mpaka nikastaafu. Kazi ile ilinilisha, lakini furaha yangu ilikuwa ngozi. Nilikuwa nimejinunulia cherehani ya ngozi, kuukuu, kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nzito ajabu! Meza yake ya chuma, gurudumu kubwa, sindano nene inayopenya ngozi ya ng'ombe kama inayopenya ugali. Sikuitegemea kwa chakula. Ilikuwa ni ya kufurahisha moyo. Kila Jumamosi, nikimaliza kufua, naketi, nashona mkoba, nashona mshipi, nampa mtu. Baadhi yenu hapa mmefunga mishipi niliyoishona mimi. Nikiwa kwenye ile mashine nilisahau kwamba mimi ni mjane. Nilisahau hata njaa.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilikuwa kwenye mfereji wa nje, nachota maji. Ndoo ikaniponyoka. Nikainama niiokote, na mkono wangu wa kulia haukuja nami! Nilitaka kumwita jirani, mdomo ukatoa sauti isiyo na maneno. Nilianguka pale kwenye maji. Namshukuru Mungu kwa wale majirani walionibeba. Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa imenikaa mwilini muda mrefu bila mimi kujua.

Mguu ulirudi. Ulimi ukarudi. Mkono ulikataa.

Binti yangu Nekesa alikuja kuniuguza. Mumewe ni dereva wa lori, siku nyingi yuko barabarani, na Nekesa mwenyewe alikuwa na mimba ya kwanza. Sasa, nyumba zetu za Mbotela mnazijua. Chumba changu ni kimoja. Ukiweka kitanda changu, na jiko, na kabati, na ile cherehani, umemaliza. Nekesa alitandika godoro jembamba sakafuni, kati ya kitanda changu na miguu ya mashine. Alisema, "Mama, hapa panatosha." Nami nilikubali kwamba panatosha.

Wenzangu wa ushirika wa nyumbani walikuja kuniombea. Mama Mwikali, kiongozi wetu, mnamjua, yuko hapa mbele, hakukosa hata wiki moja. Alinipikia, alinisuka nywele. Siku moja aliweka mkono mmoja juu yangu na mwingine juu ya cherehani, akaomba mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza alinishika bega.

"Dada Selina, hiyo mashine usiiuze. Watu watakushauri uiuze. Ukiiuza, umeukana uponyaji wako. Iache hapo Mungu aione."

Nilisema amina. Aliyasema kwa upendo, ndugu zangu, na mimi nayasema haya mbele yake kwa ruhusa yake.

Basi nikangoja. Kila nikiamka, kabla sijamsalimia mtu, naujaribu mkono. Inuka! Hauinuki. Naitazama mashine, nayo iko pale, imefunikwa kitambaa. Nilianza kuichukia. Kisha nikaanza kujichukia mimi. Nilijiambia: watu wote hawa wanaomba, kama jibu haliji, basi kasoro ni yangu. Wageni wakija natabasamu, nasema naendelea vizuri. Wakiondoka nageukia ukuta.

Na hapa ndipo pagumu kupasema. Nekesa alikuwa akinipa vidonge vyangu vya presha kwa maji, halafu anageuka kushughulika na jiko. Mimi navitema, navisukuma chini ya godoro. Asije mtu akafikiri ilikuwa imani! Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kiharusi kirudi kinimalize, nilale, nisiujaribu ule mkono tena. Mwanangu alidhani ananitibu, kumbe nilikuwa naelekea kaburini mbele ya macho yake, polepole, kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Lakini Mungu haniachi! Alinikomboa kwa kitu kidogo sana.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko Nekesa. Nikamwona akijaribu kuinuka kutoka sakafuni. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa. Alijigeuza upande, akapiga magoti, akashika ukingo wa meza ya cherehani ajivute. Mkono ukateleza. Akarudi chini, akakaa. Akalia. Alilia akiwa ameziba mdomo kwa leso, ili mimi nisiamke. Kisha akajifuta, akashika meza tena, akainuka. Alipogeuka na kuona macho yangu yako wazi, akatabasamu.

"Umeamkaje, Mama?"

Ndugu zangu, nilimwona mtoto wangu kana kwamba ni mara ya kwanza tangu nianguke. Miezi yote ile nilikuwa nautazama mkono. Nikamwambia, "Nekesa, tafuta mtu wa kuinunua hii mashine."

"Mama! Na maombi?"

"Maombi yataendelea. Wewe unahitaji kitanda."

Alibishana nami kidogo. Alidhani nimekata tamaa. Lakini aliipiga picha kwa simu, akaituma kwa watu, na haikupita wiki akaja mwanamume mmoja kutoka Kaloleni, jina lake Wambua. Hutengeneza viatu, na alitaka kuanza kushona mabegi ya shule. Tulipatana bila maneno mengi. Akaomba kuijaribu kwanza.

Akaketi kwenye kiti changu. Sitawadanganya, iliniuma kumwona pale. Akapitisha uzi, akaweka kipande cha ngozi, akazungusha gurudumu. Uzi ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika tena. Akanitazama kwa aibu.

"Mama, hii mashine ni nzima kweli?"

"Nzima kabisa. Haikujui tu. Legeza ile skrubu ya juu. Hapana, mwanangu, si hiyo, ile ndogo ya kando. Kidogo. Sasa shika mwisho wa uzi, usiuachilie mpaka sindano ipite mara ya kwanza."

Akafanya. Ikapiga hatua chache ikakwama. Nikamwambia ainue kile kiguu kinachobana ngozi chini ya sindano, ngozi ni nene, ipe nafasi. Nilikuwa nimeketi kitandani na mkono wangu umelala kwenye paja, nami namwelekeza kwa mdomo, kwa ulimi huu huu mzito, naye ananisikiliza! Tangu niugue hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo ambalo nalijua. Waliniuliza tu kama nimelala vizuri na kama nimekula.

Mara ya tatu au ya nne, mashine ikashika. Ikashona mstari mrefu, ulionyooka. Ule mlio ukajaa chumba. Nami nikalia. Sikuwa nimelia tangu hospitalini, hata chozi moja. Nililia kwa sauti mpaka Wambua akasimamisha gurudumu, akainuka.

"Pole, Mama. Nisiichukue?"

"Ichukue," nikamwambia. "Ichukue, mwanangu. Ifanyie kazi."

Akasitasita mlangoni. "Nikikwama, naweza kuja kukuuliza?"

"Njoo hata kesho."

Waliitoa yeye na majirani wawili, wakaipandisha kwenye mkokoteni. Pakabaki pahali patupu na vumbi, na alama za kutu za miguu yake kwenye saruji. Nekesa alichukua ufagio aanze kufagia. Nikamwambia, "Acha kwanza. Inua godoro langu."

Akainua. Akaviona vidonge. Vingine vilikuwa vimeshikana na kitambaa kwa unyevu. Alisimama na lile godoro mkononi. Nilidhani atanifokea, na ningestahili. Akaniuliza tu, "Mama, ungeniacha na nani?"

Hilo ndilo lililonivunja, ndugu zangu. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunivunja hivyo. Nilimwomba Mungu msamaha, nikamwomba mwanangu. Akaleta maji. Nikameza dawa yangu huku anatazama, na nikafungua mdomo aone, kama mtoto mdogo. Tulicheka na machozi yakitutoka. Nilijisikia mwepesi! Kile kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani, kikinidai niinuke au nife, kiliondoka siku hiyo na hakijarudi.

Mama Mwikali alipokuja, alikuta kitanda cha Nekesa pale ilipokuwa cherehani. Aliketi. Alikitazama kile kitanda, nikajua nimemwumiza. Nikamweleza yote, hata vidonge. Akainamisha kichwa. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Sasa dada, tuombe nini?"

Nikamwambia, "Omba nimeze dawa yangu kila siku. Omba huyu mtoto ajifungue salama."

Akapiga magoti pale sakafuni, akaomba hayo, na hakuongeza kitu.

Mungu amejibu! Presha imeshuka, kliniki wanafurahi nami. Nekesa alijifungua msichana, ana mashavu haya, na ana sauti ya kuwashinda wanakwaya wote. Mkono wangu uko vile vile. Sijaacha kuomba, na Mungu akitaka kuuinua hata leo, yeye ni Mungu. Ila siishi tena kwa kuungoja. Nimebakiza kibanio kimoja, uzi, na msharasi wa kutobolea ngozi. Nabana kipande kati ya magoti, nashona vishikio vya funguo kwa mkono wa kushoto, taratibu. Vimepinda, lakini vinashika. Wambua naye hupita mara kwa mara na swali lake, na kila akija huniletea vipande vya ngozi alivyobakiza.

Nashukuru Mungu. Nashukuru mwanangu, majirani wa Mbotela, na wewe, Mama Mwikali, kwa magoti yako.

Na sasa nasema na mtu mmoja, simjui ni nani. Umeomba jambo moja muda mrefu, nalo halijaja, na umeanza kufikiri ni afadhali usiwepo. Ndugu yangu, Mungu hajakuacha, na wala si kasoro yako. Usibaki na siri hiyo peke yako. Mimi sina haraka, naondoka hapa wa mwisho kwa sababu ya mguu huu. Ibada ikiisha njoo uketi karibu nami. Si lazima useme kitu. Keti tu, nitakushika kwa huu mkono unaoshika.