Kitambaa Chekundu kwenye Soketi ya Tatu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mkurugenzi, na wote mlioketi kwenye viti vyenye mito:

Umepita mbele ya dirisha la karakana yetu mara tatu, na mara zote tatu umegeuza shingo. Mara ya kwanza tulidhani ni jua. Mara ya pili tulidhani umeitwa upande wa pili. Leo asubuhi jua lilikuwa mgongoni kwako na hakuna aliyekuita, lakini bado ulitazama ukuta. Ukuta ule hauna kitu, mgeni rasmi. Tuliupaka rangi Jumamosi kwa ajili yako, ila hauna kitu.

Ipo risala nyingine iliyopitishwa na uongozi. Ina kurasa mbili na shukrani kumi na moja, na kila palipokuwa na neno "shida" pamefutwa pakaandikwa "fursa". Tumeiweka chini ya glasi yako ya maji ili meza isilowe. Hii tunayokusomea tumeiandika wenyewe.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunasema hivyo kwa moyo mweupe, maana ujio wako una faida zake. Wiki hii choo cha wagonjwa wa nje kimepata mlango. Taa ya korido imewaka. Maua haya ya vyunguni yameletwa kwa gari la wagonjwa, yakiwa yamelazwa vizuri kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kulipanda, na jioni gari hilohilo litayarudisha yalikoazimwa. Laiti ungekuja kila Jumatatu.

HISTORIA

Karakana yetu zamani ilikuwa stoo ya magongo. Ina meza mbili, feni isiyozunguka na soketi nne. Humo tunatunza kompyuta ishirini na sita ambazo ndizo zinazoiendesha hospitali hii: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, wodi ya wazazi. Iliyo changa kuliko zote ina miaka kumi na miwili.

Utauliza ziko wapi zile nane mpya ulizozizindua mwaka juzi. Zipo, chumba cha mikutano, zimefunikwa vitambaa vyeupe kama maharusi waliosahauliwa. Kila moja inadai neno la siri kabla haijafumbua jicho. Neno la siri analo mzabuni, na simu ya mzabuni haipatikani tangu wiki uliyokata utepe. Tunazipangusa vumbi kila Ijumaa. Kwa usafi, hazina mfano.

Kwa hiyo mzigo ukawarudia vikongwe, na vikongwe wakamrudia Bi Kibano.

Hatudhani unamjua, ingawa ulishamkanyaga mguu. Bi Kibano ni fundi wetu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Aliingia hapa kupiga chapa. Jina amelipata kwa kijibano chenye meno manane anachotembea nacho kwenye mkoba, kati ya leso na dawa za presha za mama yake. Wengine wakitoa kioo wajitazame, yeye hutoa kibano.

Tukueleze kazi yake, kwa sababu kamati yako ilipomhoji haikuuliza. Ndani ya kila kompyuta kuna ubao mama, na juu ya ubao huo kuna chipu ndogo kama kunde. Chipu hiyo ina programu inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo inayouambia ubao: prosesa yako hii, diski yako hii, haya, amka. Kifaa kisichomo kwenye orodha yake haikijui, hata ukikichomeka kwa heshima zote. Watengenezaji waliacha siku nyingi kuiongezea orodha ya mashine zetu. Bi Kibano hakuacha. Alijifundisha mwenyewe saa za chakula, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, huku wali wake ukipoa. Anaibana chipu kwa kile kibano, anasoma kilichomo, anaingiza kipande kinachokosekana, anairudishia. Miaka minne iliyopita alizifundisha zote ishirini na sita kupokea prosesa zenye nguvu zaidi. Barua ya ofisi yako ilipofika ikisema utatuletea diski za kisasa, hizi nyembamba kama ubani wa kutafuna, alijua papo hapo kwamba hata marekebisho yake mwenyewe yamepitwa na wakati. Akaanza upya, mashine moja baada ya nyingine.

Ana masharti mawili tu. La kwanza, chipu isomwe mara tatu kabla ya kuandikwa, na nakala zote tatu zilingane mpaka herufi ya mwisho. "Mbili zinaweza kupatana kunidanganya," husema, "lakini tatu lazima zigombane." La pili, wakati wa kuandika umeme usikatike hata kwa kufumba na kufumbua, maana mashine iliyokatizwa hapo hugeuka tofali. Ndiyo maana soketi anayotumia huifunga kitambaa chekundu. Kitambaa hicho hukifungua yeye mwenyewe, hakifunguliwi na mtu mwingine. Wafagiaji wanalijua hilo. Madaktari wanalijua. Hata wagonjwa waliolala muda mrefu wanalijua.

MAFANIKIO

Alikwishamaliza mashine tano kwa diski tano za majaribio zilizokuja na barua ile. Namba tatu, ya mapokezi, ilikuwa ikichukua dakika kumi na moja kuamka. Mpokezi akiiwasha anakwenda kunywa chai, anarudi, anaikuta bado inafikiri. Sasa inaamka kabla hajavuta kiti.

Mafanikio mengine ni ya ofisi yako, na hatutaki kukunyima haki yako. Siku thelathini na nne zilizopita ulikuja kutangaza hadharani ujio wa diski. Bi Kibano alikuwa kwenye mashine ya sita, ya dirisha la dawa, uandishi ukiwa umefika nusu na kitambaa chekundu kikiwa kwenye soketi ya tatu. Afisa wako wa itifaki akaingia na waya wa spika, suti imemkaa kama amezaliwa nayo. Mhudumu wa usafi, ambaye sote humwita Shangazi, alikuwa akipiga deki mlangoni.

"Mwanangu, hapo pana kitambaa," Shangazi akamwambia.

"Mama, mgeni yuko langoni."

"Hata aje na bendi, hapo hapachomolewi."

"Hii rangi nayo haiendani na mapambo," akasema afisa. Akakifungua kitambaa, akajifutia vidole, akachomoa.

Mashine ilikata kauli. Bi Kibano alikuwa amepiga magoti chini ya meza, tochi mdomoni. Alitoka taratibu, akaitoa tochi, akamtazama afisa wako kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Baba," akamwambia, "umemaliza? Au na oksijeni wodini nayo haiendani?"

Dakika tano baadaye spika zikanguruma na wewe ukatuahidi zama mpya. Tulipiga makofi. Tunakiri kosa hilo pia.

CHANGAMOTO

Kwa kuwa alikuwa na nakala salama kwenye flashi yake, Bi Kibano aliirudisha mashine ile kabla hotuba yako haijafika kwenye shukrani. Dirisha la dawa likafunguka. Mtu mwingine angepewa soda.

Yeye alipewa kamati. Wajumbe watano, na kati yao hakuna aliyewahi kufungua hata rimoti. Afisa wa itifaki hakuitwa. Tuliambiwa ana udhuru. Bi Kibano alisomewa makosa mawili. La kwanza, kuingiza programu zisizoidhinishwa katika mali ya umma. La pili, mgeni rasmi, tafadhali lisikilize vizuri: kuifufua mashine bila kibali. Yaani ingebaki tofali, angebakiwa na kosa moja. Alipouliza kibali hicho hutolewa na nani, mwenyekiti wa kamati alimjibu, "Usitupotezee muda." Akasimamishwa kazi. Flashi yenye nakala zote ikachukuliwa kuwa kielelezo, nayo imefungiwa kabatini kwa Mkurugenzi, karibu na seti ya vikombe vya wageni.

Sasa tuseme na yetu, maana kumbukumbu yetu ni ndefu na haibagui. Diski zako ishirini na moja zilipofika, Mkurugenzi alitutaka tuwe tumefunga walau moja kabla hujaja, upigwe picha nayo. Tukajitutumua. Tulichukua daftari la Bi Kibano, ambalo kila mashine ina ukurasa wake kama kadi ya mgonjwa: ubao gani, umebadilishwa nini, lini. Tukachagua namba kumi na moja, ya wodi ya wazazi, kwa kuwa daftari lilisema ubao wake ni pacha wa ule wa namba tatu. Tukasoma chipu ya namba tatu, tukaiandika kwenye kumi na moja.

Kumbe wiki hiyohiyo mtunza stoo alikuwa ameamrishwa abandue vibandiko vya namba vilivyochakaa na kubandika vipya vinavyong'aa, ili ukipita uone kung'aa. Akavibandika kwa kufuata mpangilio wa vyumba. Namba kumi na moja ya kibandiko haikuwa namba kumi na moja ya daftari. Tulimwekea mgonjwa mmoja damu ya mwingine. Na nakala yake ya awali tuliisoma mara moja tu, kwa haraka, tukijiambia inatosha. Haikutosha. Ilikuwa mbovu katikati. Feni inazunguka, kioo kimekuwa cheusi, basi.

Hayo ya damu hatukuyatumia kama pambo. Tangu siku hiyo wodi ya wazazi inaandika kwa mkono. Alhamisi iliyopita kadi za kina mama wawili waliolala vitanda jirani zilibadilishana. Muuguzi wa zamu aligundua kosa hilo chupa ya damu ikiwa imekwisha kutundikwa na mkono wa mama umekwisha kufungwa mpira. Alivuta ule mpira kwa meno. Mama yule yuko hai, yuko ghorofa ya pili juu ya kichwa chako, ananyonyesha. Hajui. Sasa wewe unajua.

MAOMBI

Hatuombi gari. Hatuombi posho, wala fulana zenye picha yako. Tunaomba mtu mmoja.

Bi Kibano yuko hapa. Aliitwa aje leo kupokea barua yake, na tunajua ni barua gani, kwa sababu imechapwa kwenye mojawapo ya mashine alizozifufua. Ni barua ya kumwachisha kazi. Iko ndani ya jalada la kijani lililo mbele yako, chini ya ratiba, na inangoja saini yako baada ya utepe. Amekuja na kibano chake mkobani. Saa mbili asubuhi mlinzi alimzuia langoni.

"Dada, jina lako halimo kwenye orodha."

"Mimi si mgeni, kaka. Nafanya kazi hapa."

"Ndiyo maana halimo. Orodha ni ya wageni."

"Basi niandike mgeni."

"Wageni wana kadi."

"Na wafanyakazi?"

"Wafanyakazi wako ndani."

Mlinzi si mtu mbaya. Amempa kiti chake, yeye amesimama. Ukigeuza shingo kushoto, na tunajua shingo yako inageuka, utawaona wote wawili.

Sasa tazama meza ya uzinduzi. Umeambiwa ukate utepe ili diski ishirini na moja ziingie kazini. Haziingii popote, mgeni rasmi. Mashine ishirini na moja hazizijui diski hizo mpaka Bi Kibano azitambulishe, na ile ya wodi ya wazazi haitafumbua jicho mpaka apewe flashi yake. Ukikata utepe huu bila yeye, utakuwa umezindua ubani wa kutafuna. Hata hotuba yako inayomulikwa ukutani imefunguliwa na namba tatu, tuliyoibeba kutoka mapokezi kwa ajili yako leo. Kama kazi yake ni kosa, tuambie tuizime sasa hivi, usome kwa kichwa.

Umekwisha kuutazama mkasi na kushangaa. Ndiyo, hicho kilichofungwa kwenye mpini ni kitambaa chekundu. Ni kilekile, Shangazi alikiokota siku ile, akakifua, akakipiga pasi. Masharti unayajua sasa. Hapaguswi kitu mpaka kazi iishe, na anayekifungua ni mmoja. Afisa wako wa itifaki ameunyooshea mkono mkasi huo mara mbili tangu tuanze kusoma. Tafadhali mwambie akae.

Mungu akujalie uzee wenye macho makali na shingo ngumu kugeuka. Akujalie wauguzi wenye meno imara siku utakapolazwa. Awalinde mama wa ghorofa ya pili na mwanawe. Nasi atujalie makofi machache zaidi.

Ni sisi, Mafundi na Wahudumu wa Karakana ya Kompyuta, iliyokuwa stoo ya magongo, pamoja na wauguzi wa wodi ya wazazi waliotia saini nyuma ya karatasi hii kwa kuwa mbele palijaa.

Lango liko hatua sitini kutoka kiti chako. Kalamu unayo. Itoe ile barua, andika juu yake "Arudi kazini leo", mwambie Mkurugenzi alete ufunguo wa kabati, kisha nenda mwenyewe ukamwambie mlinzi afungue. Hatutaketi mpaka utakapoinuka. Inuka.