Chuma Nilichong'oa Mpakani

Ndugu zangu, nimetoka Kawangware asubuhi hii kuja kwenu hapa Kibera, niseme jambo ambalo kule kwetu kila mtu analijua na wengi bado wanalicheka. Nanyi chekeni tu. Namshukuru Mungu kwa kunifikisha umri wa kuchekwa nikiwa ningali nasikia. Jina la mtu sitalitaja, isipokuwa la Yesu.

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Nilipostaafu, mikono yangu haikujua ifanye nini. Mtu amesonga ugali wa wanafunzi mia tano, sasa anaambiwa akae kitini apunge upepo? Basi siku moja, pale karibu na steji ya matatu tunayoiita 56, nikaona kwa muuza vyuma vikuukuu mashine yenye mkono mrefu na sahani chini. Akaniambia, "Mzee, hii inasikia chuma ndani ya udongo. Ukipita juu yake inalia." Nikainunua, fundi wa redio akaitengeneza, na kweli ikalia. Twiii!

Niliipenda, nawaambia ukweli. Wiki ya kwanza nilipata vizibo vya soda, misumari, na mkono wa sufuria. Wiki ya pili nikapata senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, imeandikwa jina la mfalme wa Waingereza. Nikachimba pia chupa: moja ya wino, moja ya dawa yenye herufi zilizonyanyuka kwenye kioo. Mke wangu aliziosha akazipanga dirishani. Vijana wa bodaboda, wanaoniita guka, yaani babu, wakanipa jina. "Niaje, Guka Twii! Umefika kwa shetani ama bado?" Nami nawajibu, "Bado, lakini amewasalimia."

Nilikuwa na utaratibu wangu. Shimo likiisha, naweka chini yake chupa iliyovunjika, mdomo ukiangalia chini, kisha nafukia. Nikirudi kuchimba pale siku nyingine nikakuta chupa, najua hapa nimeshapita.

Kosa langu ni hili: sikuomba ruhusa ya mtu. Kulipokuwa na nafasi nyuma ya ploti, nilichimba.

Asubuhi moja, kati ya ploti ninayopanga na ya jirani, mashine ililia kuliko siku zote. Nikachimba, jembe likagonga saruji. Moyo ukaniambia, hili ni sanduku! Nikapiga magoti, si kwa sala, kwa tamaa. Nikavuta, nikatoa jasho, kikatoka kipande cha nondo chenye bonge la saruji mguuni. Basi. Nikaweka chupa yangu, ya kijani yenye shingo ndefu, nikafukia. Chuma nikapeleka nyumbani. Mke wangu akasema kinafaa kuzuilia mlango, maana upepo ulikuwa unatugongea.

Ndugu zangu, mnaojua mambo ya ardhi mmeshaanza kushika vichwa. Mimi nilijua sufuria tu.

Miezi miwili ikapita. Jirani, mzee mwenye ploti ya pili, akaamua kujenga ukuta. Mama mwenye ploti yetu akatoka mbio. "Mzee, unaniingilia!" Naye, "Mama, wewe ndiye umenilia ardhi siku zote!" Watu hawa walikuwa wakipelekeana chapati. Wakatafuta alama ya mpaka, haipo. Kila mmoja akasema mwenzake ameing'oa. Mfereji wa maji, yaani bomba tulilochotea sote, ulikuwa upande wa jirani, akaufunga kwa kufuli. Sisi wapangaji tukaanza kubeba mitungi kutoka mbali.

Jioni moja yule mama akaja kwangu. "Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Tuombee amani. Huyu mtu ameng'oa chuma cha mpaka, kile chenye saruji mguuni." Akasema hayo huku akikisukuma chuma kwa kiatu apate kuingia.

Nikaomba. Niliomba kwa maneno marefu, jicho moja limefumba, jingine liko mlangoni. Akasema amina akaenda zake amefarijika. Mimi sikulala.

Wiki tatu nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa kwenye chumba, na zaidi niliogopa aibu. Nikaacha kwenda kwenye maombi ya Jumatano. Mke wangu akirudi na mtungi, anakaa chini kwanza asugue magoti. Siku moja akaniangalia, akakiangalia chuma. "Baba, kwani huyo Mungu unayemwomba hajaona mlango wetu?"

Jumamosi yake mzee wa mtaa aliita kikao pale pale mpakani. Mafundi wa ukuta walikuwa wameshakuja. Nikaambiwa nifungue kwa sala. Nikainuka, nikafungua kinywa, sala ikakataa. Nikasema, "Nisubirini." Nikaenda nyumbani, nikarudi nimekumbatia chuma kama mtoto.

Mama akasema, "Si hicho ni cha mlango wako?"

Jirani akashika kiuno. "Na mimi nimekiruka mara ngapi nikija kunywa chai!"

Nikaeleza yote. Mama alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema, "Nimemtukana jirani yangu wiki zote hizi kwa sababu yako." Kisha jirani akauliza lililo muhimu, "Mzee, ulikitoa wapi hasa?" Nami nilikuwa nimechimba mashimo kama fuko. Ndipo nikakumbuka chupa. Nikasema, "Tafuteni ya kijani."

Mafundi wakachimba. Shimo la kwanza, chupa ya kahawia. La pili, nyeupe. La nne, mmoja akapaza sauti, "Hii hapa, imesimama kichwa chini!" Mpima ardhi aliyeletwa baadaye akasema ndipo penyewe. Na sikieni: wote wawili walikuwa wamekosea, kila mmoja amejiongezea hatua upande wa mwenzake! Walitazamana, mama akaanza kucheka, kufuli likafunguliwa siku ile ile.

Namshukuru mke wangu kwa lile swali moja. Nawashukuru majirani wale kwa kunisamehe; hata sasa wakipoteza funguo kwenye matope wananiita na mashine yangu. Nanyi nawaachia hili: kabla hujamwomba Mungu alete amani, tazama nyumbani kwako kama huna kitu cha kurudisha.

Mlango wangu siku hizi nauzuia kwa jiwe. Na hilo jiwe, ndugu zangu, kabla sijaliinua, nilizunguka ploti nzima nikiuliza ni la nani.