Daftari la Majina la Mzee Stefano Likwata

Brigita, muuguzi wa zahanati alikofanya kazi marehemu, ndiye aliyemwambia Restuta kwanza kwamba baba yake anaishi kwa hofu, na Restuta, bintiye anayewasomea haya, alidhani anaogopa kufa.

Mzee Stefano Likwata alizaliwa Rondo tarehe 4 Juni 1962, akamaliza darasa la saba huko huko mwaka 1977, akafunga ndoa na marehemu mama Theresia tarehe 8 Oktoba 1988, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1991 akaajiriwa na zahanati ya binafsi hapa Kilwa Masoko, kutunza mafaili ya wagonjwa. Juu ya faili aliandika namba tu, majina akayaweka kwenye daftari moja alilolifunga kwa uzi, kwa kuwa mji wetu ni mdogo, na ugonjwa wa mtu hufika sokoni kabla yake.

Mwaka 2024 mwenye zahanati, Bwana Sixbert, alitaka kila kitu kihifadhiwe mtandaoni, akamtania, "Mzee, hilo kabati umelioa?", naye akajibu, "Niambie kwanza mitambo hiyo iko kwa nani, na siku tukigombana naye atatukabidhi nini." Wakakubaliana kujaribu faili moja, marehemu akatoa la kwake, asije akamponza mwingine, na tarehe 3 Februari 2025 akampa Restuta anwani ya faili hilo mtandaoni aifungue kwa simu, akiamini itamkatalia.

"Imekataa?" akauliza.

"Imefunguka, baba," akajibu Restuta, ambaye hakuulizwa neno la siri, na alikwisha kusoma saratani ya ini, ambayo baba hakuwa amemwambia mtu.

Bwana Sixbert alipoambiwa alisimamisha kazi ile, na mpaka leo anasita, lakini marehemu hakutulia tena, akawa analala na daftari chini ya mto, hadi alipofariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nane mchana, akiwa amemwachia Restuta daftari hilo. Naye Restuta akaingiwa na hofu, maana kila aliyekuja kumpa pole huenda yumo.

Familia inawashukuru madaktari wa Lindi, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, na wafanyakazi wenzake wote.

Asubuhi iliyofuata kifo chake Restuta alimfunga mwanawe mgongoni, akaenda zahanati, akamkabidhi Brigita daftari mkononi, fundo la uzi likiwa kama baba alivyolifunga. Pumzika, baba, hakuna aliyelifungua.