Spika ya Kushoto Haijaisha

Sogeeni hapa kitandani, wadogo zangu, na mnyamaze, maana daktari amesema ini langu limetoboka na mimi nina maneno mengi kuliko damu iliyobaki. Nina miaka thelathini na moja, darasa la sita nililikimbia kwa miguu yangu mwenyewe, na bado hakuna fundi spika mjini aliyenifikia. Hilo msilisahau.

Domo, acha kulia, unanitia kichefuchefu. Uliposikia spika za baba zinakoroma, ulimwahidi yule muuza spika mpya azichukue, akuachie zile zake za plastiki zinazowaka taa kama kibanda cha chipsi. Hukujua kilichokufa ni sponji tu la ukingoni, lile linalooza na kumwagika kama makombo ya keki, na koni yenyewe, ile karatasi inayoruka kutoa sauti, ingali nzima. Nami nikaanza na ngumi, maelezo yakafuata, ukatema meno mawili kwenye sakafu ya karakana. Ilifaa nianze na maelezo. Nisamehe, pengo langu.

Jana mchana kaja kudai ahadi yako, na mabaunsa wawili wenye nondo. Nikamwambia, "Bosi, hizi utazibeba ukiwa umebebwa." Wa kwanza nilimvunja mtulinga kwa nyundo, mliusikia ule mlio, wa pili nikampondaponda goti kwa sumaku ya besi, kilo nne nzima, akalia kisauti chembamba cha twita, ile spika ndogo ya juu. Lakini bisibisi yangu ndefu nilikuwa nimeiacha juu ya boksi, mimi ninayewagombeza kila siku kwa kuacha vifaa ovyo, na muuza mpya akaiokota, akanichoma nayo mara tatu tumboni. Nikamng'ata sikio likabaki mdomoni. Lipo karakana, wapeni polisi, wamtafute mwenyewe.

Wamtafute wao, Domo, siyo wewe. Hiyo nyundo uliyoficha chini ya shati naiona. Ni yangu, naigawa mimi, na simpi mtu anayekwenda kuua. Iweke chini.

Wewe kitinda mimba wetu, karakana ni yako na vifaa vyote, mkono wako hautetemeki. Spika za baba ni zenu wawili; haziuzwi, hazibadilishwi. Ya kulia nimeshaimaliza kuitengeneza. Ya kushoto nimeigandisha sponji jipya, gundi ikae siku nzima, asiiguse mtu. Kapasita za ndani zimechoka, wekeni mpya zinazolingana na za mwenzake. Halafu nyaya, na hapo ndipo mafundi uchwara huumbuka: mkizigeuza, spika moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na besi itapotea chumba kizima. Domo aguse nyaya kwa betri ya tochi, wewe uangalie koni. Ikiruka nje, sawa. Ikiingia ndani, geuzeni. Mtu mmoja hawezi kugusa na kuangalia... nimejaribu, nimeshindwa. Ndiyo mara ya kwanza mnanisikia nikisema hivyo.

Mkimaliza, wekeni ule wimbo wa baba. Sauti mpaka mwisho. Majirani wagonge ukuta hadi wachoke.

Mungu awape... mikono mitulivu. Awaweke pamoja, mkinuniana hivyohivyo.

Domo. Bado sijaisikia nyundo ikigusa sakafu.

Taratibu... usivunje kigae cha hospitali ya watu.

Ehe. Nimeisikia.