Mama Tiketi na Mlango wa Sinema Qamar
Wasifu wa Marehemu Nazha Hanna Musallam (1944–2019)

Marehemu Nazha Hanna Musallam, ambaye nusu ya mji wetu wa Beit Sahour ilimwita Mama Elias na nusu nyingine Mama Tiketi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Hanna Musallam, fundi mwashi, na mkewe Wardeh. Kaka yake Mikhail, ambaye ni baba yangu mimi Lubna ninayewasomea, alikuwa na miaka mitatu. Inasemekana alipoonyeshwa mtoto aliuliza atarudishwa lini. Jibu hakulipata, na kwa miaka sabini na mitano iliyofuata wawili hao hawakuacha kutaniana.

Alisoma shule ya masista hapa mjini kuanzia mwaka 1950 hadi 1960. Alikuwa hodari wa hesabu, ila kunyamaza kulimshinda. Ripoti yake ya darasa la saba, ambayo aliitunza ndani ya Biblia, ina maneno manne tu ya mwalimu: "Ana akili. Anaongea mno."

Mwaka 1962 Mzee Jamil, mwenye Sinema Qamar, alimwajiri kukata tiketi. Kwa miaka ishirini na mitano alikaa kwenye kidirisha cha tiketi, na hakuna aliyeingia bure. Padri alikata tiketi. Mzee Jamil mwenyewe alikata tiketi ya jengo lake. Siku za picha za Kihindi, watu walipotoka macho mekundu, marehemu aliwasimamisha mlangoni na kuwauliza, "Mmelia vizuri? Basi kesho mje na shemeji zenu."

Aliyekuwa akiendesha mashine ya picha pale juu alikuwa kijana mpole, Bishara Ghattas. Aprili 1966 wazee wa kina Ghattas walikuja kumposa. Desturi yetu mnaijua: mgeni mwenye haja huwekewa kahawa mbele yake wala haigusi mpaka akubaliwe. Basi wazee wakakaa, kahawa ikamiminwa, mkubwa wao akakohoa aanze kusema, na Bishara, kwa woga wake, akanyakua kikombe akanywa mpaka chini. Babu yetu Hanna akasema, "Ameshakunywa! Sasa nifanyeje, nimtapishe? Mpeni msichana." Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1966 na Mungu akawajalia watoto watatu. Kila Bishara alipojidai kuwa ndiye mwenye nyumba, marehemu alimwambia, "Wewe nyamaza, mnywa kahawa." Bishara alifariki mwaka 2008, na siku ile, kwa mara ya kwanza, tulimwona shangazi amekosa la kusema.

Januari 1988 kijana wa mtaa wetu alipigwa risasi na wanajeshi. Mzee Jamil alimwambia marehemu aandike karatasi ya mlangoni, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Tumefunga siku tatu kwa msiba." Siku ya nne tukapigwa marufuku kutoka nje. Marufuku ilipoondolewa kukawa na msiba mwingine, na nani angethubutu kuwasha taa za sinema na jirani analia? Mzee Jamil naye akafariki. Siku tatu zile zikawa miaka ishirini na minane. Marehemu aligeukia kazi ya kudarizi magauni, na kila alipokwenda sokoni alizunguka njia ya nyuma. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ule mwandiko pale mlangoni ni wangu. Naona haya."

Julai 2016 Fayez, mtoto wa Mzee Jamil, alirudi kutoka Chile kuuza jengo. Mnunuzi alitaka kulifanya maegesho ya magari. Marehemu alikusanya wanawake sita, nami nikiwemo, tukawa saba pamoja naye, tukaenda nyumbani kwake kama wazee wa posa. Tangu lini ujumbe kama huo ukawa wa wanawake? Tangu siku ile. Fayez alitukaribisha vizuri, kahawa ikaletwa.

"Kunyweni, mama zangu, inapoa."

"Iache ipoe," akasema marehemu. "Tumekuja kuposa."

"Kuposa? Mama Elias, mimi nina watoto wa kiume tu, na wote wameshaoa!"

"Tunaposa sinema. Watoto wetu wanafundishwa ngoma yetu ya dabke kwenye gereji. Wakipiga mguu chini, makopo ya oili yanawaangukia. Tunataka mahali pa ngoma, pa kudarizi, pa maigizo, pa picha. Pa kwetu."

"Lakini nimeshampa mtu neno langu."

"Mtu ana magari. Magari hayaoni haya kulala nje."

Kahawa ikaondolewa, ikaletwa nyingine ya moto, nayo ikapoa. Ikaletwa ya tatu. Fayez akaanza kutoka jasho. "Mama Elias, nionee huruma. Watu watasema nini, wanawake saba wametoka kwangu hawajagusa kikombe?"

"Watasema kweli."

"Na wewe ndiye uliyenifukuza mlangoni, sinema ya baba yangu, nina miaka tisa!"

"Hukuwa na tiketi, mwanangu."

Fayez akacheka mpaka akafuta machozi. "Haya, kunyweni! Mmeshinda. Chukueni miaka thelathini. Kodi yangu ni tiketi moja kila mwaka, na safari hii usinifukuze." Tukanywa. Sijawahi kunywa kahawa baridi tamu kama ile.

Kazi ilichukua miaka mitatu. Tulitoa njiwa, waliokuwa wamejaa ukumbini kuliko watazamaji wa zamani, tukaziba paa, na marehemu na wenzake wakadarizi vitambaa vya viti mia mbili na kumi na mbili. Karatasi ya mlangoni aliibandua mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Bethlehemu siku tisa. Daktari alimkataza kabisa kupanda ngazi. Wiki mbili baadaye nilimkuta katikati ya ngazi za chumba cha mashine, akitikisa reli ya ngazi kuona kama imekaza. "Shangazi, daktari alisemaje?" Akanijibu, "Alikataza kupanda. Mimi nashuka." Tulimpenda sana, na alitutia wasiwasi sana. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 9 Septemba 2019, saa mbili asubuhi, siku kumi kabla ya ufunguzi wa Kituo cha Utamaduni Qamar.

Mchana ule wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwetu. Kahawa chungu ya msiba ikamiminwa, na baba akatangaza kwamba ufunguzi utangoja arobaini ipite. Hapo ikanibidi nitoe maneno ambayo marehemu aliniandikisha mwezi Agosti. Nikasoma: "Mikhail atataka arobaini. Mwambieni asiiguse kahawa yangu mpaka akubali tufungue Alhamisi ileile tuliyopanga. Hapa kwetu mlango ukifungwa kwa msiba haufunguki. Najua, maana niliuandikia mimi."

Baba alikuwa ameshainua kikombe. "Lubna, hii si posa. Huu ni msiba wa dada yangu."

"Najua, baba. Dada yako ndiye aliyesema."

Wazee wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaweka vikombe vyao chini. Baba akabaki na chake mkononi, akiwatazama. Mwisho akasema, "Hata amekufa, hanipitishi bure." "Haya. Alhamisi." Akainywa yote, ikiwa imeshapoa, kisha akalia kwa sauti mbele yetu sote.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mikhail, watoto watatu, Elias, Nariman na Hind, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, Wardeh mdogo, ambaye naye anaongea mno, na wanawake sita waliokataa kahawa.

Kituo kitafunguliwa Alhamisi tarehe 19 Septemba, saa kumi na mbili jioni. Kidirishani atakaa baba yangu. Amekwisha kukata tiketi ya kwanza, yake mwenyewe. Nanyi njooni na zenu, maana mnamjua dada yake.

Shangazi, pumzika kwa amani. Mlango uko wazi.